Mvinyo wa Dodoma kwa samaki wa Bagamoyo: upi ununue, upi uuache

Mwenye haraka ashike haya: kwenye mvinyo wa aina tano wa kiwanda kimoja kidogo cha Mpunguzi, Dodoma, chukua mweupe mkavu (yaani usio na sukari) bila kusita, chukua mwekundu wa Makutupora kama una jokofu la kuaminika, Syrah, ule mwekundu mzito, mwekee anayekuja kula pilau, wa pinki waachie wapiga picha, na mwekundu mtamu nunua kama kuna mama mkwe anayeuulizia. Mwenye muda tuendelee, maana nina maneno, hasa juu ya huo mweupe.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Bagamoyo. Napika harusi, komunio, kipaimara, maulidi, hitima, semina, na siku hizi wageni wa nyumba za kulala wageni wanaotaka chakula cha pwani chenyewe, si chipsi. Kwa hiyo mvinyo siuonji na kipande cha jibini kama wafanyavyo wale wa kwenye runinga. Nauonja na sahani. Ninachotaka kujua ni kimoja: chupa hii ikikaa kando ya samaki wa kupaka, wali wa nazi na kachumbari, vitaelewana au kimoja kitamfunika mwenzake?

Na kabla wateja wangu hawajashtuka: sufuria zangu ni za mafungu mawili. Zilizofungwa utepe mwekundu kwenye mkono ndizo zinazoingia mvinyo, nazo haziendi kwenye shughuli ya Mwislamu hata zikisuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka zing'ae. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kupaka samaki, hagusi kileo na wala simtanii nacho. Yeye huonja chakula kwanza, chupa zikiwa bado zimefungwa. Akisema, "Mwanangu, hapa ndimu imezidi," napunguza. Hiyo kauli yake ya ndimu ina kazi kubwa kwenye habari hii kuliko yeye mwenyewe anavyojua, tutaifikia.

Jina la kiwanda silitaji. Mwenye nacho anabadilisha jina na lebo, ameniomba nisubiri, nami nimemkubalia. Kwa sasa chupa zake zina karatasi nyeupe iliyoandikwa aina ya zabibu, mwezi wa mavuno na asilimia ya kileo, basi. Mume wangu anasema zinafanana na chupa za dawa ya kikohozi, na sina la kumjibu. Ukizikuta kwenye rafu ya lile duka la vinywaji la Magomeni, hapa hapa Bagamoyo, utazipita, uende moja kwa moja kwenye chupa za Afrika Kusini zenye picha za milima na farasi. Ndiyo sababu naandika.

Sisi Wakatoliki wa Bagamoyo, tuliokulia kwenye kivuli cha Misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, divai tuliijua altareni muda mrefu kabla ya kuiona mezani. Dodoma nako ilianza vivyo hivyo. Zabibu ziliingia Bihawana mwaka 1957 kwa mikono ya wamisionari, kisha zikatoka misheni zikaenda kwa wakulima wa vijiji vya jirani, na leo ukishika barabara ya Iringa kutoka Dodoma mjini, mashamba ya mizabibu unayaona kwa macho, mistari kwa mistari kwenye udongo mwekundu. Mpunguzi iko kwenye barabara hiyo hiyo. Kiwanda chenyewe ni nyumba ya bati nyuma ya makazi ya familia: matangi ya chuma kisichoshika kutu, mashine ya kukamulia, pampu, na kijana wa kufunga vizibo kwa mkono. Zabibu nyingine wanalima wenyewe, nyingine wananunua kwa majirani.

Kitu ambacho wengi hatukijui huku pwani ni kwamba mzabibu wa Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka. Kule Ulaya baridi huulaza mti, ukiamka majira ya kuchipua ndipo unaanza kazi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo anayeupa mti ratiba ni mkulima na mkasi wake: akipogoa leo, baada ya miezi kama minne hivi atavuna. Mavuno moja huangukia Februari na Machi, mvua zikiwa bado zipo, na mengine Agosti na Septemba, wakati wa kiangazi kikavu. Mvua ikiikuta zabibu inaiva, ukungu huingia kwenye vichala na mkulima hulazimika kuvuna mapema kabla sukari haijatimia. Kiangazi kichala kinaiva kwa raha zake. Na kwa kuwa Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, usiku kunapoa, na ule ubaridi wa usiku ndio unaoulinda ule uchachu wa zabibu usiyeyukie kwenye jua lote lile. Kwa hiyo kwenye ile karatasi nyeupe ya chupa, kabla hujasoma kingine chochote, soma mwezi. Mimi nikiwa na uchaguzi nachukua ya Septemba.

Sasa mweupe. Zabibu yake ni Chenin Blanc, asili yake Ufaransa, bonde la mto Loire, ila siku hizi Afrika Kusini ndiyo wanaoilima kwa wingi kuliko wote. Ni zabibu yenye uchachu wa kutosha, na sehemu ya joto huo uchachu ni mali. Ukiumimina una rangi ya majani makavu yenye kijani cha mbali. Pua inakutana na limau, papai lililoiva kiasi, na nyuma kabisa kitu cha asali, ingawa mdomoni hauna sukari. Ni mkavu. Kileo asilimia 12.5. Ukiunywa peke yake, bila chakula, utasema mkali kidogo. Wengi wanaishia hapo, wanaurudisha dukani wakidai umechacha.

Haujachacha. Uweke mbele ya changu wa kupaka.

Nieleze ninavyompika ili tuelewane. Changu namchukua pale soko la samaki, asubuhi mashua zinapoingia na mnada unaanza, wa saizi ya sahani, jicho bado limetuna. Namtoa magamba, nampasua mgongoni nimfungue kama kitabu, namkata chale. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbuzi moja bila mbegu, chumvi, na ndimu kidogo. Anakaa. Pembeni nazi mbili zinakunwa kwenye mbuzi, tui la kwanza, lile zito, nalitenga. Hilo tui linaenda jikoni na bizari, kitunguu saumu na ukwaju, moto mdogo, mkono haukomi kukoroga kuelekea upande mmoja, la sivyo tui litakatika na shangazi atasikia hata akiwa uani. Linapokuwa zito kiasi cha kushika mgongo wa mwiko, basi. Samaki anaingia kwenye mkaa, ngozi chini kwanza. Akishika rangi, ndipo kupaka kunaanza: unapaka tui, linakauka, linaungua pembeni kidogo, unapaka tena, unamgeuza, unapaka. Mwishoni ana gamba la rangi ya dhahabu lenye madoa meusi, mafuta ya nazi yanatoka yakidondokea mkaa na moshi wake unarudi kumfukiza samaki.

Ukila kipande cha samaki huyo, ulimi wote unafunikwa na tui. Ni kutamu, lakini kufikia tonge la nne ladha inaanza kuwa moja. Kwa kawaida tunafanya nini? Tunakamua ndimu juu, au tunachota kachumbari. Mweupe huu wa Mpunguzi unafanya kazi hiyo hiyo ya ndimu. Unaingia na uchachu wake, unaufua mdomo mafuta, na tonge linalofuata linakuwa kama la kwanza. Halafu ile asali ya mbali niliyoitaja, ambayo ukinywa kavu kavu huioni, inakutana na utamu wa nazi na ghafla inaonekana. Nimeuweka mweupe huu mezani pamoja na chupa ya nje yenye bei karibu mara mbili, na chupa iliyoisha kwanza ilikuwa ya Mpunguzi. Wageni hawakujua ipi ni ipi, nilikuwa nimezivika soksi.

Hapa ndipo ndimu ya shangazi inaporudi. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo unaonekana maji. Ni hesabu ya ulimi tu: uchachu wa sahani ukizidi, wa kwenye glasi hausikiki tena, na kilichobaki ni kileo kitupu. Kwa hiyo siku nikijua mweupe utakuwepo mezani, ndimu ya kwenye samaki naipunguza nusu, ukwaju wa kwenye tui unabaki wa kuonjesha tu, na kachumbari naitia chumvi bila siki. Achari ya embe naificha kabisa. Achari na mvinyo huu havikai nyumba moja. Mchuzi wa chukuchuku vivyo hivyo, ule wenye embe bichi na ndimu tele, kunywa nao maji baridi, utakuwa umeutendea haki.

Kingine kinachoukubali mweupe: kambamiti wa kukaanga kwa kitunguu saumu, kaa wa nazi, ngisi wa kukaanga akiwa laini bado, mihogo ya nazi (ndiyo, mihogo ya nazi, jaribu kabla hujacheka), na wali wa nazi wenyewe na kisamvu kilichopikwa kwa karanga. Tasi wa kukaanga pia, ila uwe umemtoa kwenye mafuta sasa hivi, chumvi ikiwa bado inaonekana juu ya ngozi. Chumvi inaupenda uchachu. Kwenye kambamiti huwa natia pia glasi moja ya mvinyo ndani ya kikaango, kwenye zile sufuria za utepe, baada ya kuwatoa kambamiti wasikomae. Nauacha uchemke mpaka harufu ya kileo iishe na ubaki mchuzi wa vijiko vichache, narudisha kambamiti, natupia kotimiri. Pilipili nitawapa ushauri mmoja: kileo kinaiongezea moto. Ukizoea pilipili tano, siku ya mvinyo tia mbili.

Mwekundu wa Makutupora ndio unaobeba jina la Dodoma kweli kweli, kwa sababu zabibu hiyo ni ya huko. Jina lake ni la Makutupora, kaskazini mwa jiji, kwenye kituo cha utafiti wa zabibu. Inavumilia ukame na wakulima wadogo wameizoea. Mvinyo wake hapa ni mkavu, asilimia 13, rangi ya rozela iliyochemshwa sana, harufu ya zambarau na udongo uliomwagiwa maji. Mdomoni unakamata: ule ukakasi wa maganda, unaokausha fizi kama umetafuna bibo la mkorosho. Kuna wanaoukimbia kwa ukakasi huo. Mimi naupenda, lakini unataka nyama yenye mafuta au kitu cha mkaa. Mishkaki ya ng'ombe yenye kipande cha mafuta katikati. Mbuzi wa kuchoma. Maharage ya nazi yaliyopikwa mazito, yasiyo na nyama yoyote, nayo yanakaa nao vizuri ajabu.

Na samaki je? Kila mtu amesikia kwamba mwekundu hauendi na samaki, na kila mtu amemjua mtu aliyekula akasema hamna shida. Wote wana haki. Mvinyo mwekundu una chembechembe za madini ya chuma, na chuma hiyo ikigusana na mafuta ya samaki inatoa ladha ya shilingi ya sarafu mdomoni, na harufu ya shombo inapanda. Samaki wenye mafuta mengi ndio wabaya zaidi: vibua, dagaa, sehemu za tumbo za jodari. Pweza hana mafuta hayo. Pweza wa Bagamoyo, aliyepigwa akalainika, akachemshwa kwa maji yake mwenyewe, kisha akachomwa kwenye mkaa na pilipili na chumvi, anaelewana na Makutupora kuliko nilivyotegemea. Ule moshi na zile ncha za mikono zilizoungua ndizo zinazoushika ukakasi. Vipande vya pweza kwenye kijiti, glasi ndogo ya mwekundu baridi: hiyo ndiyo sahani ya kwanza ninayowapa wageni wa jioni siku hizi, na wanaomba tena.

Nimesema baridi, na hapo nina ugomvi na maandishi ya kwenye katoni yanayosema mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba cha nani? Chumba cha yule aliyeandika mara ya kwanza, huko kwenye nchi za baridi, kilikuwa na nyuzi 17 au 18. Sebuleni kwangu mwezi wa Februari, umeme ukikatika, ni 31. Mwekundu wa nyuzi 31 unanukia kileo tu, kama spiriti ya hospitali. Uweke kwenye jokofu nusu saa kabla ya kula. Kama huna jokofu, ndoo, maji, vipande vya barafu na viganja viwili vya chumvi ya mawe. Maji ya chumvi na barafu yanapooza chupa haraka kuliko barafu peke yake, na chumvi Bagamoyo si tatizo. Mweupe wenyewe uingie humo mapema zaidi, mpaka chupa itoke jasho. Na mgeni akitaka kutia barafu ndani ya glasi, mwacheni atie, hela ni yake. Mimi ninachokataa ni soda. Kuna kijana kwenye komunio moja aliuchanganya Makutupora na soda ya kola mbele ya macho yangu, akaniuliza kama nataka.

Syrah ni wa kifupi. Ni mvinyo mzito, asilimia 14, ghali kuliko wengine, na una harufu ya wazi ya pilipili manga, jambo ambalo zabibu hiyo inajulikana nalo. Kwa samaki sahau. Kwa pilau ya nyama, ile yenye pilipili manga, karafuu, iliki na mdalasini vya kusagwa nyumbani, ni kama umepikwa humo humo. Biriani hapana, ule mtindi na nyanya vinagombana nao. Mwenye kiwanda haulazi kwenye mapipa ya mwaloni, mapipa ni ya kuagizwa na bei yake ni ya kutisha, na kwa maoni yangu bora hivyo: unabaki na ladha ya tunda.

Wa pinki umekaa kaa tu. Hauna uchachu wa mweupe wala ukakasi wa mwekundu. Rangi nzuri.

Mwekundu mtamu ndio unaouzwa kuliko yote, hata mwenye duka amekiri, na sitajifanya kushangaa. Kwenye harusi zetu mvinyo maana yake ni kitu chekundu, kitamu, kinachonata kwenye glasi, kinacholetwa meza kuu na kufunguliwa kwa vigelegele. Wa Mpunguzi si mbaya katika kundi lake. Si maji ya sukari yaliyotiwa rangi kama vile vingine vinavyouzwa kwenye vichupa vya plastiki. Lakini pamoja na wali na samaki ni mateso. Kila tonge linataka chumvi, kila funda linataka maji. Hata na kalimati hauendi, kwa sababu kitu kitamu kikiliwa pamoja na kitamu zaidi, kile cha chini kinageuka kichungu, na kalimati zenye shira zinashinda. Nilichopata cha kuufanyia ni hiki: chupa nzima kwenye sufuria ya utepe, mdalasini, karafuu tatu, ganda la chungwa, uchemke mpaka ubaki robo na uwe shira. Nanasi la Kiwangwa, lililoiva, unalikata mapande manene, unalichoma kwenye mkaa uliobaki baada ya samaki, unalimiminia. Nimeliuza hilo kama kitindamlo kwenye arusi mbili za wikendi moja na bibi harusi wa pili alilila kabla ya keki.

Bei: mweupe, pinki na Makutupora ni shilingi 17,000 kila mmoja kwa chupa ya mililita 750, mtamu 14,000, Syrah 24,000. Chupa inatoa glasi tano za kistaarabu. Ukigawanya, glasi ya mweupe haifiki 3,500, na soda ya kopo pale ufukweni hainiachii chenji nyingi zaidi ya hapo. Kwa mpishi anayepanga bajeti ya watu themanini, hayo si maneno madogo.

Malalamiko yangu makubwa hayako kwenye kukamua wala kwenye zabibu, yako njiani. Kutoka Dodoma mpaka Dar ni kilomita kama 450, kisha ndio mzigo ushushwe, upakiwe tena, uje Bagamoyo. Mzigo unaosafiri mchana kwenye buti ya basi, jirani na injini, unafika umepikwa. Na joto halimsamehei mvinyo: rangi ya mweupe inageuka kahawia, harufu ya tunda inaondoka na badala yake inakuja ya tofaa lililooza. Kuna duka moja hapa mjini, silo lile la Magomeni, linalozipanga chupa dirishani jua la saa nane likizipiga usoni, eti zipendeze. Nilinunua mweupe hapo kwa shughuli ya watu wakubwa. Kizibo kilikuwa kimesukumwa juu milimita kadhaa na chini ya karatasi kulikuwa na mchirizi uliokauka. Nilipolalamika nikaambiwa waini ikizeeka ndiyo inakuwa nzuri. Mvinyo wa aina hii haukutengenezwa kuzeeka. Unywe ndani ya mwaka, au mwaka na nusu, Syrah labda uuvumilie zaidi kidogo.

Kwa hiyo dukani fanya hivi. Pitisha kidole juu ya mdomo wa chupa: kizibo kiwe sawa na kioo au chini yake, kisiwe kimetuna. Iinue kwenye mwanga, mweupe uwe bado na kile kijani cha mbali. Muulize muuzaji mzigo ulikuja lini na kwa basi la saa ngapi. Yule wa Magomeni anauagiza kwa basi la usiku na chupa anazilaza chini ya kaunta, gizani, kwenye sakafu ya saruji. Havutii wapita njia, lakini chupa zake zote nilizofungua zilikuwa na afya.

Na kwa mwenye kiwanda, kama anasoma: vizibo. Vile vya sasa ni vya unga wa gome la mti uliogandishwa, vinakatika katikati, nusu inabaki shingoni na vipande vinaelea kwenye glasi ya padri. Weka vile vya kuzungusha vya bati. Najua watu watasema chupa imekuwa ya bei rahisi, lakini nusu ya nyumba za Bagamoyo hazina kifungulio, na nimeshuhudia kizibo kikisukumwa ndani kwa mwiko. Pia, kwenye hiyo lebo mpya, mwezi wa mavuno uuandike kwa herufi kubwa kuliko jina la zabibu. Na ule wa pinki ufikirie upya. Zile zabibu za Makutupora ungezivuna mapema wiki moja mbili, uchachu ukiwa bado upo, nadhani tungekuwa na kitu cha kunywea samaki wa kukaanga ufukweni jioni. Sasa hivi tuna rangi tu.

Mweupe wa Septemba umebaki kidogo, na unaofuata dukani utakuwa wa mavuno ya masika, ambao ni mwepesi zaidi na mimi huutumia zaidi kupikia kuliko kunywa. Mwenye duka anapokea oda kwa simu na mzigo humfikia Ijumaa asubuhi. Nina komunio ya watoto wa parokiani mwezi ujao na nimeshaweka yangu, katoni mbili za mweupe na moja ya Makutupora, kwa hiyo ukifika ukaambiwa zimekwisha, usigombane naye, nigombeze mimi.